Mchikichi Nao Wataka Posho

Kikosi hakidumu mstarini bila posho. Wala mchikichi hauzai bila chakula. Katika uwanda wa Imbo, toka Rumonge hadi Nyanza-Lac, mawese hulipa karo na dawa za jamaa nyingi. Lakini kila mkungu ukatwao huondoka na potasiamu ya udongo. Isiporudishwa, mavuno hupungua. Makuti ya chini yakigeuka manjano penye jua na kubaki kijani penye kivuli, magnesiamu imepungua.

Potasiamu si lazima inunuliwe yote. Imo katika mikungu mitupu itupwayo kinuni. Irudishwe shambani, au majivu yake yatandazwe kuzunguka shina. Makuti yaliyopogolewa yasichomwe, bali yapangwe kati ya safu. Askari mwenye shamba nyumbani na aagize hivyo: ardhi isiyolipwa deni haikopeshi tena.