Ndama Anayehara

Wenye ng'ombe wa Kalunguta, sikieni jambo hili. Ndama akihara, watu wengine humzuia maziwa, wakidhani maziwa ndiyo yanayomharisha. Sivyo. Ndama anayehara hufa upesi kwa kupungukiwa na maji na chumvi mwilini. Naye asiponyonya hukosa nguvu, wala matumbo yake hayapati chakula cha kupona.

Basi fanyeni hivi. Mwacheni anyonye kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Tena mpeni maji haya, litri 1 asubuhi, 1 mchana, 1 jioni: litri 1 ya maji yaliyochemka na kupoa hata kuwa vuguvugu, chumvi kijiko kidogo 1 kisichojaa kupita ukingo, na asali vijiko vikubwa 2. Msitie sukari ya dukani, maana tumbo la ndama haliwezi kuisaga. Msiyachanganye na maziwa. Ngojeni muda wa saa mbili. Ndama asiyeweza kumeza asimiminiwe kwa nguvu, maji yasije yakaingia mapafuni.

Usiku wa milimani ni baridi: mlazeni juu ya majani makavu, mbali na wenzake. Osheni mikono kwa sabuni, kwa kuwa kuhara kwingine huambukiza watu.

Macho yakizama, au akishindwa kusimama, au mavi yakiwa na damu, mwiteni mganga wa mifugo siku ile ile.

Na ndama atakayezaliwa kesho, anywe maziwa ya kwanza ya mama yake kabla ya kupita saa sita tangu kuzaliwa. Hiyo ndiyo kinga yake.