Mliyasoma Kwanza? Magazeti Makuukuu na Somo la Historia



Nilipokuwa na umri wa miaka 17, babu yangu mzaa baba alifariki dunia. Baada ya siku za matanga, sisi vijana tukatakiwa tusafishe chumba chake. Chini ya kitanda mlikuwa na sanduku la njumu, na ndani yake magazeti yaliyofungwa kwa uzi, yamegeuka rangi kwa ukongwe. Baadhi yake yalikuwa ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Hayo tuliyachoma moto, tukihofia jina la Mwenyezi Mungu lisije likakanyagwa. Yaliyobakia tukampa muuza njugu afungie bidhaa yake. Jioni bibi akauliza magazeti yako wapi. Tulipomweleza alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Mliyasoma kwanza?"

Hatukuyasoma. Swali hilo nimelibeba hadi leo, na ndilo lililonifanya niyaingize magazeti makuukuu katika darasa langu la Jumamosi.

Kitabu cha historia kinaujua mwisho wa hadithi. Chukua habari ya mwambao wetu. Mwanafunzi atasoma kwamba kwa mkataba wa mwaka 1895 Waingereza waliukodi ukanda wa maili 10 kutoka kwa Sultani wa Zanzibar, na kwamba mwaka 1963 ukanda huo ukaunganishwa na Kenya. Sentensi mbili, na mambo yamekwisha. Lakini gazeti la mwaka 1961, Sir James Robertson alipotumwa kuchunguza hatima ya mwambao, halikujua kitakachotokea. Mwenye kuliandika alikuwa na hofu au matumaini, sawa na wasomaji wake. Mtoto akilisoma huanza kufahamu kwamba wazee wake walikuwa watu walio hai, wakibishana juu ya kesho wasiyoijua, kama sisi tunavyobishana leo.

Na jambo hilo si la kale tu. Katika makubaliano ya Oktoba 1963 iliahidiwa kwamba mahakama za Kadhi zitaendelea. Mama anayekwenda leo kwa Kadhi kudai haki yake ya mirathi anasimama juu ya neno lililoandikwa mwezi huo. Je, mabinti zetu wanalijua hilo?

Iko pia hazina ambayo watoto wa madrasa wana ufunguo wake kuliko wengine. Mwaka 1930, hapa Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya hadi alipofariki mwaka 1947, alianza kutoa Sahifa, karatasi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mwaka 1932 akaanzisha gazeti la Al-Islah. Aliwahimiza Waislamu kutafuta elimu, akawakemea walioiga mambo ya Kizungu pasi na kupima. Baadhi ya makala za Sahifa zilikusanywa katika kitabu cha Uwongozi mwaka 1944. Mtoto aliyehitimu juzuu zake, akifundishwa namna wazee walivyoziandika sauti za Kiswahili kwa herufi hizo, ataweza kuisoma mwenyewe sauti ya mwanachuoni wa mji wake. Ni masikitiko kwamba wengi wetu tunawafundisha herufi, kisha tunawaachia mlango umefungwa.

Wako watakaosema: magazeti yana uongo, vipi tuwape watoto? Nami najibu: kwa sababu hiyo hasa. Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, Mola wetu ametuamrisha tuichunguze habari inapoletwa na mtu fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Wanavyuoni wa hadithi walitazama sanadi kabla ya kuikubali matini. Basi gazeti nalo litazamwe sanadi yake. Gazeti la Baraza, kwa mfano, lilianza mwaka 1939 likichapwa na wenye East African Standard, gazeti la walowezi. Kiswahili chake kilikuwa chetu, lakini mwanafunzi na aulize: ni nani aliyelilipia, na alitaka tuamini nini? Mtoto aliyezoea kuuliza hivyo juu ya karatasi ya mwaka 1939 atauliza vivyo hivyo juu ya ujumbe uliomfikia leo kwenye simu.

Darasani kwangu nafuata maswali manne. Nani ameandika? Aliwaandikia nani? Siku hiyo alijua nini na hakujua nini? Na nani hakutajwa? Swali la nne ndilo lenye faida kubwa. Siku moja tulikuwa na nakala ya ukurasa wa gazeti la Disemba 1963. Msichana mmoja aliitazama kwa muda, akasema, "Maalim, mbona wanawake hawamo?" Sikuwa na jibu. Nikawaambia kila mmoja akamuulize bibi yake au mzee wa jirani alikuwa wapi mwezi ule.

Jumamosi iliyofuata msichana yule alirudi na daftari limejaa. Bibi yake alikuwa mtoto wa Mji wa Kale. Alikumbuka wanaume wakibishana barazani juu ya bendera, na wanawake ndani wakiulizana kama Kadhi atabaki, na kama watoto wataendelea kusoma dini. Hayo hayakuwamo katika ukurasa wetu. Yalikuwamo kifuani mwa bi mkubwa huyo, miaka yote hiyo, akingoja aulizwe.

Basi, mama zangu na dada zangu, kabla ya kusafisha stoo, tazameni kwanza. Msiache karatasi sakafuni, kwa sababu ya mchwa, wala karibu na dirisha, maana jua na unyevu wa bahari huziozesha. Zitandazeni kavu ndani ya kasha, msizikunje upya, wala msizitie gundi. Zipigeni picha kwa simu, muandike tarehe na jina la aliyezihifadhi. Karatasi ikishalika hairudi. Kisha mketi na mtoto na bibi pamoja, mtoto asome kwa sauti, bibi amsahihishe.

Bibi yangu alifariki miaka sita baada ya babu. Muda wote huo nilikuwa naye nyumba moja, na yaliyokuwa katika magazeti yale huenda alikuwa akiyajua. Sikumuuliza. Sanduku la njumu bado ninalo, nami nimeanza kulijaza upya.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu, na awape watoto wetu elimu yenye manufaa. Amin.