Fahamu: Wainuiti wa Greenland ni nani?

Kisiwa cha Greenland kimevuma kwa sababu Rais wa Marekani, Trump, alisema anakitaka. Wenyeji wa kisiwa hicho, Wainuiti wapatao 50,000, hutajwa mara chache. Zamani mume aliwinda sili kwa kayaki, mtumbwi mwembamba. Mke alichuna, akalainisha ngozi na kushona nguo zisizopenyeza maji. Nani mkubwa hapo? Mshono ukivuja, mwindaji anakufa kwa baridi. Na umiaki, mashua kubwa ya kuhamishia familia, wanawake ndio walioipiga makasia. Mmisionari Hans Egede alifika mwaka 1721, ukoloni wa Denmark ukafuata hadi 1953. Lakini ulikwisha kwenye karatasi tu: kuanzia miaka ya 1960 madaktari waliwawekea maelfu ya wanawake, hata wasichana wa shule, vitanzi vya kuzuia mimba, wengi bila ridhaa. Denmark iliomba radhi mwaka 2025.