Je, Wajua? Maji Yanavyopanda Mti Bila Pampu

Je, wajua kwamba katika maji yote yanayonywewa na mizizi ya mhindi, yanayobaki mwilini mwake ni kiasi kidogo mno? Zaidi ya asilimia 95 hurudi hewani kama mvuke, kupitia matundu madogo ya majani yaitwayo stomata. Kaboni dayoksaidi, ambayo mmea huitumia kutengeneza chakula, nayo huingia kwa matundu hayohayo. Mmea ukiyafungua, maji yanapotea. Ukiyafunga, unashinda na njaa.

Je, wajua kuwa mti wa asili mrefu kuliko yote inayojulikana Afrika uko Mlima Kilimanjaro? Ni mkukusu wa mita 81.5, na habari zake zilitangazwa mwaka 2016. Pampu ya kufyonza, hata iwe na nguvu namna gani, haiwezi kuvuta maji kutoka kina cha zaidi ya mita 10 hivi. Sasa mkukusu unafanyaje? Molekuli za maji hushikana. Moja ikitoka kwenye jani kama mvuke, inaivuta iliyo nyuma yake, nayo inaivuta inayofuata, mpaka chini kwenye mizizi, kama kamba ya ndoo kisimani. Jua ndilo linaloivuta kamba hiyo, na mti hautumii nguvu zake. Henry Dixon na John Joly walieleza jambo hili mjini Dublin mwaka 1894, na mpaka leo ndiyo maelezo yanayokubalika zaidi. La ajabu kuliko yote, mirija inayopitisha maji hayo ni seli zilizokwisha kufa.

Je, wajua kuwa mnyanya wenye kiu hutoa sauti? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv waliripoti mwaka 2023 kwamba waliinasa milio hiyo, makumi kwa saa moja. Mnyanya ulionyweshewa vizuri haukufikisha hata mlio mmoja kwa saa. Huenda ni viputo vya hewa vinavyopasuka ndani ya mirija pale uzi wa maji unapokatika. Sikio la binadamu haliwezi kuisikia milio hiyo.

Je, wajua kuwa mkonge huvuta hewa usiku? Mchana wa jua kali hufunga matundu yake. Usiku huyafungua, huingiza kaboni dayoksaidi na kuihifadhi ndani ya tindikali hadi kupambazuke. Ndiyo maana mmea huu wa asili ya Meksiko, ulioletwa Tanganyika na Richard Hindorf mwaka 1893, ulistawi kwenye ukame uliokausha mazao mengine. Nanasi nalo ni vivyo hivyo.

Mbuyu huchagua njia fupi ya kuokoa maji: kiangazi hupukutisha majani yote.

Je, wajua kuwa matone kwenye ncha za majani ya mahindi machanga alfajiri mara nyingi si umande? Ni maji ya mmea wenyewe. Usiku majani hayatoi mvuke wa kutosha, lakini mizizi inaendelea kunywa na kusukuma, basi maji yanachuruzika nchani.

Ukienda pwani, tafuta mchu kwenye mikoko, ulambe jani lake. Utaonja chumvi. Mti hunywa maji ya bahari, kisha hutema chumvi kupitia majani.

Ukitaka kuuona mvuke, chukua mfuko wa nailoni unaopitisha mwanga, ufunge kwenye tawi la mwembe lenye majani asubuhi ya jua. Kufika mchana, utakuta maji yamejikusanya ndani.

Na je, wajua kwa nini miche ya sukuma wiki inayohamishwa saa sita mchana hunyauka hata ikimwagiwa ndoo nzima? Ukiing'oa, vinywelea laini vya mizizi, ambavyo ndivyo vinavyonywa, hukatika, huku majani yakiendelea kupoteza maji. Hamisha jioni, na udongo wake ushikilie mizizi. Kisha punguza majani makubwa, uifunike kwa makuti au majani ya mgomba mpaka ishike.