Kipupwe na Ihsani ya Punda wa Garissa

Msafiri atokaye Limuru akiambiwa kuwa Garissa nako kuna baridi, hudhani anafanyiwa mzaha, kwa kuwa mji huu wa kandokando ya Tana, ulio karibu na ikweta na mita 150 hivi tu juu ya bahari, wajulikana kwa jua lake kali la Machi. Lakini mwenyeji aliyelelewa na jua hilo, alfajiri ya Julai, kusi inapovuma na joto kushuka hata nyuzi 21 hivi, hujitanda shuka mpaka masikioni na kumhimidi Mola wake. Majira hayo, ambayo watu wa pwani huyaita kipupwe na Wasomali hagaa, ndiyo ya kupanda mnyama kwa raha. Na mnyama mwenyewe aghalabu ni punda.

Farasi hakukosekana kwa kudharauliwa. Sayyid Muhammad Abdille Hassan, aliyepigana na Waingereza katika nchi ya Wasomali toka 1899 hata 1920, alimtungia farasi wake Hiin Finiin shairi mashuhuri la sifa. Kilichomzuia farasi kutamalaki huku ni maradhi: usubi, wadudu wadogo kuliko mbu wazagaao baada ya mvua, huyachukua kwa punda milia, ambaye haonyeshi dalili ya kuumwa, wakampa farasi, ambaye mara nyingi hufa kwa siku chache. Ama ngamia, kwa desturi ya Wasomali hupakiwa nyumba na vyombo, na tangu 1996 amepakiwa hata vitabu vya maktaba, lakini mtu mzima mwenye miguu yake hampandi.

Punda yuko kwao. Utafiti wa nasaba uliotangazwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa alifugwa kwanza upande huu wa Afrika yapata miaka 7,000 iliyopita. Ndugu yake wa mwituni, mwenye milia miguuni, yungali hai, ingawa kwa uchache, Ethiopia na Eritrea. Hustahimili kiu, na maradhi yale ya farasi kwa kawaida humpitia bila kumwangusha. Anachokichukia ni mvua, maana manyoya yake hayazuii maji, na manyunyu ya kipupwe humfanya asimame akitetemeka, masikio nyuma, huku bwana wake akimwita mkaidi.

Mchana kutwa huvuta mapipa ya maji juu ya mkokoteni wa ekseli ya gari kuukuu. Jioni, kijana amfunguapo, humpanda karibu na kitako, pasipo tandiko wala lijamu, akimwelekeza kwa kuigusa shingo kwa fimbo, na joto la mnyama likampanda mapajani upesi kuliko la blanketi. Surat An-Nahl, aya ya 5, yataja joto miongoni mwa manufaa ya mifugo, na aya ya 8 yawataja farasi, nyumbu na punda kuwa vipando na pambo. Sioni tafsiri iliyo dhahiri kuliko kijana huyo.

Hata hivyo neema hii ilikaribia kuuzwa. Machinjio yaliyoruhusiwa Kenya, ngozi zikipelekwa Uchina kutengenezewa dawa, yaliwafanya wezi kuwaandama punda usiku. Serikali ikayapiga marufuku Februari 2020, mahakama ikaitengua amri hiyo mwaka uliofuata, kisha Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuisimamisha biashara hiyo ya ngozi kwa miaka 15.