Kwa Nini Farasi Bingwa wa Miaka Miwili Hushindwa Akifika Mitatu

Kila mwaka, mnamo Oktoba au Novemba, farasi dume wa umri wa miaka miwili walio hodari kabisa nchini Marekani hushindanishwa katika mbio ziitwazo Breeders' Cup Juvenile. Miezi sita baadaye, kwa kawaida Jumamosi ya kwanza ya Mei, hufanyika mbio kuu za farasi wa miaka mitatu, yaani Kentucky Derby, mjini Louisville. Ingetarajiwa kwamba mshindi wa kwanza ndiye atakayeshinda tena. Lakini sivyo. Kati ya washindi 41 wa Juvenile waliopatikana tangu mwaka 1984 hadi 2024, wawili tu walishinda Derby iliyofuata: Street Sense mwaka 2007 na Nyquist mwaka 2016. Derby hukimbiwa na farasi wasiozidi 20. Basi farasi mmoja kati ya 20 akichaguliwa kwa kura kila mwaka, idadi ya ushindi ingekaribia kuwa hiyo hiyo.

Sababu ya kwanza ni ukuaji. Kwa kanuni za mbio katika nchi za kaskazini mwa dunia, farasi wote huhesabiwa kutimiza mwaka tarehe 1 Januari. Kwa hiyo aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Mei huitwa rika moja, ijapokuwa wamepitana miezi minne. Zaidi ya hayo, katika ncha za mifupa ya farasi mchanga mna tabaka za gegedu ambazo hurefusha mfupa, kisha hugeuka kuwa mfupa kamili. Tabaka iliyo karibu na goti la mguu wa mbele hufunga farasi akiwa na umri wa miaka miwili hadi miwili na nusu. Zile za uti wa mgongo huchelewa zaidi. Anayekomaa mapema huwashinda wenzake wangali wakikua. Nao wakishakomaa, ile nafuu yake hutoweka.

Sababu ya pili ni masafa. Juvenile aghalabu ni ya mita 1,700 hivi. Derby ni ya mita 2,000 na zaidi kidogo. Mwaka 2010 wataalamu wa Ireland walionyesha kwamba jeni inayodhibiti ukuaji wa misuli huhusiana na masafa yamfaayo farasi. Aina moja ya jeni hiyo huleta misuli minene mapema na kasi ya masafa mafupi. Nyingine huambatana na ustahimilivu wa masafa marefu.

Sababu ya tatu ni majeraha. Miguu michanga huumia kwa mazoezi makali, na baadhi ya mabingwa hawafiki hata kwenye mstari wa kuanzia. Mwaka 2023 Forte, mshindi wa Juvenile iliyotangulia, aliondolewa asubuhi ya siku ya Derby kwa sababu ya mguu.

Sababu ya nne ni ya kihesabu. Ushindi mmoja huchanganya uwezo na bahati. Uwezo hubaki, bahati hairudi kwa kuamriwa. Jambo hili, liitwalo kurejea kwenye wastani, lilielezwa na Francis Galton mwaka 1886 alipolinganisha vimo vya wazazi na vya watoto wao. Darasani laweza kuonyeshwa hivi: wanafunzi 40 warushe sarafu mara 10 kila mmoja, na kuhesabu ni mara ngapi upande wa kichwa umetokea. Watano waliopata nyingi kuliko wote warushe tena. Wastani wao utashuka kuelekea 5, ingawa hakuna aliyepungukiwa na ustadi wowote.

Wapo walioshinda vikwazo vyote. Secretariat, bingwa wa miaka miwili mwaka 1972, alitwaa mbio zote tatu kuu za mwaka 1973. American Pharoah, bingwa wa mwaka 2014, alifanya vivyo hivyo mwaka 2015. Hata hivyo hao ni wachache.

Mwalimu anayewapanga wanafunzi kwa mtihani mmoja wa mapema hana budi kujiuliza swali lile lile: alama hizi zimepima kipaji, au zimepima nani aliyekomaa kwanza na nani aliyeamka na bahati siku ile? Jawabu hupatikana kwa kupima tena, na baada ya muda wa kutosha.