Kinyota Kilichofungua Folda ya Mishahara

Karani wa mauzo wa mteja wetu mmoja alibofya pale alipozoea kubofya, akakutana na mishahara ya ofisi nzima: ya bosi wake, ya dereva, na ya kwake mwenyewe. Bahati yetu alikuwa muungwana, alipiga simu badala ya kupiga picha. Simu ikanikuta Mwenge, Ijumaa saa kumi na moja jioni, chipsi mkononi.

Ruhusa ile nilimpa mimi. Naandika programu za kompyuta, na ofisini tuna maktaba ya msimbo, yaani akiba ya vipande vilivyokwisha kuandikwa, ambavyo kila programu mpya huviazima ili tusianze moja kila siku. Kipande kimojawapo ni bawabu: huangalia nani anaruhusiwa kufungua faili gani. Kumwagiza, unaandika njia ya folda na alama mwishoni. Juu ya msimbo wake kuna mistari michache ya maelezo kwa ajili ya sisi binadamu, na kompyuta huiruka. Maelezo yalisema /ripoti/*, yaani ripoti na kinyota, hufungua faili za folda hiyo tu, wala hakuna kuingia vyumba vya ndani. Nikaamini. Mishahara ilikuwa kwenye /ripoti/mishahara, chumba cha ndani kabisa.

Usiku nikaufungua msimbo wenyewe. Kinyota kilikuwa kinaingia kila chumba. Tunatumia Git, daftari linaloonyesha nani aligusa mstari gani na lini. Miaka miwili nyuma mtu alikipanua kinyota kwa ajili ya mteja mwenye haraka, akaacha maelezo kama yalivyokuwa, mistari mitatu tu juu ya pale alipokuwa anaandika. Jina lililoandikwa pale ni langu.

Jumatatu niliomba siku tatu za kupitia maelezo yote ya bawabu. Bosi aliguna. Kijana aliyekuja kwetu fildi kutoka chuo ndiye aliyeuliza waziwazi: "Dada, si kompyuta hata haiyasomi haya?"

Haiyasomi, ndiyo maana yanaweza kudanganya miaka miwili bila king'ora kulia. Lakini mimi niliyasoma.

Desturi hii ya alama tuliirithi kutoka Java, lugha ya kuandikia programu. Kwenye ruhusa za faili za Java, kinyota hushika vilivyomo ndani ya folda moja tu. Kinachoshuka hadi chini kabisa ni kistari, /ripoti/-. Alama moja kwa nyingine, na umempa mtu nyumba badala ya sebule. Kuna mengine usiyoweza kuyakisia. Ruhusa ya kuandika kwenye faili haibebi ruhusa ya kuisoma. Kila moja inatajwa peke yake. "Kubeba" ni neno langu. Java wana swali wanaloliita implies, bawabu anajiuliza kama ruhusa aliyonayo mtu inatosha kwa anachokiomba. Kijana alihangaika nalo asubuhi nzima mpaka nilipomwambia: je, hii inaibeba ile?

Na anayeazima maktaba ya Java kwa kawaida hafungui msimbo wake. Maelezo yanayoanza kwa mkwaju na vinyota viwili huchotwa na chombo kiitwacho Javadoc na kugeuzwa kurasa za kusoma. Yeye anazijua kurasa hizo tu.

Hata Java wenyewe wamepitia kazi hii, tena kubwa kuliko yetu. Tangu miaka ya 1990, enzi za programu ndogo zilizoshushwa ndani ya kivinjari, walikuwa na bawabu wao, Security Manager. Zaidi ya vipande 1,000 vya maktaba yao vilikuwa vikimwuliza kabla ya kugusa kitu. Walimtunza kwa gharama, na waliomtumia walikuwa wachache. Toleo la 17, mwaka 2021, likatangaza kuwa anaondoka. Toleo la 24, Machi 2025, likamzima moja kwa moja. Hapo ikabidi kufuta kwenye maelezo kila mahali palipoahidi kwamba bawabu asiporuhusu, ombi litakataliwa. Wangeyaacha, ingekuwa kibao cha MBWA MKALI getini wakati mbwa alishakufa: mpangaji mpya anakisoma, analala mlango wazi.

Kwetu, kinyota hakikuwa kibaya peke yake. Kipande kimoja kiliahidi kusimamisha programu endapo mtu hana ruhusa. Kwa kweli kilikuwa kinajibu "hapana" kwa upole, basi. Mwandishi aliyeamini ahadi hana sababu ya kusubiri jibu; anaita bawabu, anapita. Tulikuta sehemu mbili zilizopita hivyo, moja mkono wa mtu mwingine, afadhali.

Kwa kinyota tulibishana. Njia nyepesi ilikuwa kuandika kwamba kinaingia kila chumba, kwa kuwa ndivyo kinavyofanya. Nilikataa. Kwenye ruhusa, ukiyafuatisha maelezo na msimbo uliopanuliwa usiku na mtu mwenye haraka, umelihalalisha tundu. Tukakirudisha kinyota kwenye chumba kimoja, kazi ya kushuka tukaipa kistari, wateja waliotegemea upana wa zamani tukawapigia simu mmoja mmoja. Kisha maelezo, sentensi mbili: kinyota hushika vilivyomo ndani ya folda hii. Hakishiki vilivyo ndani ya folda zilizomo humo.

Kijana akaisoma mara mbili. "Na folda yenyewe, dada? Kuona tu orodha ya kilichomo?"

Nilifungua mdomo nijibu, nikaufunga. Tukajaribu. Ilikataa. Nikamsogezea kibodi aandike sentensi ya tatu.